Anko, CV yangu haijai hata ukurasa mmoja

Wiki hii hamna salamu ndefu. Watu wamemaliza UE, ile mitihani ya chuo, wengine wako fildi, wengine walivaa joho na sasa hivi wapo kitaa wanahesabu siku, na simu yangu imejaa jambo moja tu, CV, CV, CV. Basi safu nzima nimeiachia hiyo. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu, barua ndefu nimezipunguza, ila maneno ni yenu.

Shikamoo anko. Niko mwaka wa tatu Morogoro nasoma kilimo, nataka nianze kuomba kazi kabla sijamaliza ili nisikae sana nyumbani. Nimeazima laptopu ya mwenzangu wa chumbani usiku mzima, nimeandika jina, shule nilizosoma, chuo, hobi, nikaishia nusu ukurasa. Kila tangazo wanataka uzoefu miaka miwili, sasa mimi uzoefu nautoa wapi? Fildi nilienda ila ilikuwa kukaakaa tu kwenye skimu ya mpunga.
*Nusu Ukurasa, Morogoro*

Marahaba. Hapo kwenye "kukaakaa tu" ndo nilipong'ang'ania, nikamrudia huyu kijana kwenye simu nikamuuliza, ulipokuwa skimu ukiamka asubuhi ulikuwa unafanya nini? Naweka alichonijibu kama alivyokiandika: "Asubuhi tulikuwa tunaenda majarubani na afisa ugani, tunapima nafasi kwa kamba 25 kwa 25 maana wakulima walikuwa wanafundishwa kilimo shadidi, miche inatolewa kitaluni ikiwa na siku kama kumi hivi, mbegu ni SARO 5, mimi ndo nilikuwa nashika daftari naandika jaruba la nani limepandwa lini na limewekwa mbolea lini, wakulima kama 40, halafu jioni naingiza kwenye Excel maana yeye mambo ya kompyuta hapendi."

Sasa jamani huyu ndo anasema hana uzoefu! Mtu yeyote anayejua mpunga akisoma hayo anajua umefanya nini, kwa sababu shadidi siyo kilimo cha kumwaga mbegu na kwenda kulala, mche unapandikizwa mmoja mmoja ukiwa mchanga, maji yanaingizwa na kutolewa kwa zamu, ukikosea tarehe umeharibu, kwa hiyo aliyeshika daftari la majaruba ya watu 40 bila kuchanganya ni mtu wa kufuatilia vitu. Lakini kwenye CV yake kulikuwa na mstari mmoja tu: "Fildi, skimu ya mpunga, wiki nane." Basi. Hata mimi ningepita.

Mstari huo uvunje uwe mitatu. Kwanza, nilitunza kumbukumbu za upandaji na uwekaji mbolea kwa wakulima takriban 40 wa mpunga wa umwagiliaji na kuziingiza kwenye Excel kila siku. Pili, nilisaidia kupima nafasi za kupandia, sentimita 25 kwa 25, na kuwaelekeza wakulima upandikizaji wa miche michanga kwa kilimo shadidi. Tatu, niliandaa ripoti ya fildi niliyoiwasilisha chuoni, hapo taja kichwa chake. Ukiona, kila mstari unaanza na kitu ulichofanya, halafu kwa nani au kwa kiasi gani. Mengine msomaji ataongezea mwenyewe kichwani. Na kama tangazo ni la Kiingereza basi andika kwa Kiingereza, tangazo la Kiswahili jibu kwa Kiswahili, usinichanganyie lugha mbili kwenye karatasi moja.

Halafu lile aya la juu kabisa, la kujitambulisha. Nimekaa kwenye kamati za kuchuja maombi miaka mingi na naweza kulighani nikiwa nimefumba macho: mimi ni mchapakazi, mwaminifu, napenda kujifunza, naweza kufanya kazi kwa presha na kwa usimamizi mdogo. Sawa, na hao wengine 300 wamesema hivyo hivyo, hamna aliyeandika "mimi ni mvivu kidogo". Lifute. Weka mistari miwili inayosema wewe ni nani na unataka nini, mfano: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo, nimefanya fildi kwenye mpunga wa umwagiliaji, natumia Excel, nina leseni ya pikipiki daraja A, natafuta nafasi ya usaidizi wa shamba au ugani. Hiyo leseni usiidharau kabisa. Kazi za ugani, za mikopo vijijini, za kukusanya takwimu, nyingi zinataka mtu wa kupanda pikipiki akafike kwa mkulima, na mimi nimeona vijana wanayo mfukoni ila kwenye CV wameandika "hobi: kusikiliza muziki na kupata marafiki wapya".

Kingine. Huyu kijana kwenye meseji ya tatu, kama utani, ameniambia bwenini anauza mafuta ya kupaka na pochi, anakopesha, anakusanya bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka. Ukiomba kazi ya mauzo au ya mikopo hiyo iandike, tena juujuu usiifiche: biashara ndogo binafsi, tangu mwaka fulani, wateja wangapi, unatunza vipi daftari la madeni. Ukiomba kazi ya utafiti iweke chini au iache. Yaani CV siyo wasifu wa marehemu kwamba lazima uanzie alipozaliwa, unachagua kinachohusika na hiyo kazi, kwa hiyo kila tangazo linakulazimu uiguse CV tena kidogo.

Mpangilio wa mwanafunzi ni rahisi. Jina, simu inayopatikana, imeili, mkoa ulipo. Maelezo yale mafupi. Elimu, ukianzia chuo kwenda nyuma mpaka kidato cha nne, shule ya msingi achana nayo. Fildi na kazi zozote. Mradi wako wa mwaka wa mwisho kama unahusika. Ujuzi. Uongozi kama ulikuwa CR (kiongozi wa darasa) au ulishika kitu chochote cha maana. Wadhamini. Ukurasa mmoja na nusu unatosha kabisa, na wala usiuvute kwa kukuza herufi, tunaona.

Kuhusu miaka miwili ya uzoefu, kwa ajira za serikali sifa zilizoandikwa ni zilizoandikwa, usipokuwa nazo unajisumbua. Sekta binafsi wanalegeza, hasa wakiona fildi imeandikwa vizuri, jaribu. Ila nguvu zako kubwa peleka kwenye nafasi za wahitimu wapya na za mafunzo kazini, TaESA, wale wa serikali wa huduma za ajira, nao wana utaratibu wa kuwapeleka wahitimu kwenye mafunzo ya uzoefu kazini, kajiandikishe.

Anko habari ya majukumu. Nimemaliza uhasibu, nipo Mwanza, GPA yangu ni 2.9. Nilienda steshenari moja karibu na stendi nikalipa buku tano nikatengenezewa CV, imetoka nzuri ina rangi, ila nikisoma naona wameandika najua QuickBooks, Tally na SPSS wakati mimi sijawahi hata kuzifungua. Jamaa akasema acha ikae hivyohivyo wote wanaandika. Pia GPA niandike au niifiche? Naogopa kuachwa.
*Mhasibu wa Kitaa, Mwanza*

Futa. Leo, kabla hujaituma popote. Na ukishafuta hizo tatu nenda mpaka ukurasa wa mwisho ukaangalie wadhamini, maana hizi CV za steshenari ni karatasi ya mteja aliyepita wanayobadilisha jina juu, tumeshaletewa CV ya binti ambayo huko chini inasema "natangaza kuwa maelezo haya ni ya kweli" na chini yake jina la mwanaume. Ni ya kweli kwa nani sasa?

Uongo wa programu unakamatwa kirahisi kuliko yote. Kazi za uhasibu siku hizi wanakukalisha mbele ya kompyuta, "tuingizie hizi risiti kumi", dakika tano zinatosha kujua kama umewahi kuiona hiyo skrini. Hapo hujakosa kazi tu, umeshaitwa mwongo, na wahasibu wa mji mmoja wanajuana. Najua wewe hujafoji cheti na siyo kitu kimoja, lakini mnakumbuka mwaka 2017 serikali ilipohakiki vyeti, watumishi 9,932 walikutwa na vya kughushi wakaondolewa kazini, wengine wakiwa wametumikia miaka na miaka. Uhakiki unaweza kuja hata ukiwa umeshazoea kiti.

Badala yake andika unachokijua kwa kiwango chake. "Excel: naandaa daftari la fedha, usuluhishi wa benki, jedwali egemeo (pivot table)" ni bora mara kumi kuliko "Excel: bora sana". Na QuickBooks kama inaonekana kwenye kila tangazo unalolitaka, tafuta toleo la majaribio ujifunze wiki mbili na takwimu za duka la mama mdogo, ndo uiandike, tena uandike hivyo hivyo, "najifunza, nimeitumia kwa hesabu za duka".

GPA sasa. 2.9 kwa mfumo wetu wa kufikia 5 ni daraja la pili la chini, ambalo linaanzia 2.7 mpaka 3.4, siyo kufeli na wala siyo siri maana kwenye transkripti ipo imekaa. Msimamo wangu ni huu: tangazo likiitaja GPA, iandike. Lisipoitaja, andika shahada na mwaka na chuo basi, halafu chini yake taja masomo mawili matatu uliyofanya vizuri yanayohusu kazi, kama ulipata A ya kodi na B+ ya ukaguzi hayo yaseme. Usiandike 3.5 kwa kuzungusha, 2.9 haizungushwi ikawa 3.5 hata kwa hesabu za wapi. Na kama umeshaanza mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, andika umefikia hatua gani, kwa mwajiri wa uhasibu mtu anayesogea kwenye CPA, ile ngazi yao ya juu, anaisahaulisha GPA haraka sana.

Shikamoo anko, naomba msaada, niko Dodoma nimehitimu mwaka huu. Ajira Portal naona tangazo la fani yangu linafungwa wiki ijayo, mimi cheti sijapewa nina matokeo ya muda tu na transkripti. Na wanataka wadhamini watatu, mimi namjua mjomba tu ana cheo. Pia kitambulisho cha NIDA jina langu la katikati limeandikwa tofauti na vyeti.
*Mwenye Haraka, Dodoma*

Marahaba, nakujibu kwa haraka yako.

Soma masharti ya jumla ya tangazo lenyewe chini kabisa, watu wanaishia kwenye mshahara. Sekretarieti ya Ajira, ndo wenye hiyo Ajira Portal ya kazi za serikali, huwa wanaandika wazi kwamba matokeo ya muda, testimonio na hati za matokeo ya kidato cha nne na sita havikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Kwa hiyo kazi yako wiki hii siyo kupamba CV, ni kwenda chuoni kusumbua ofisi ya mitihani. Cheti kikichelewa tangazo hili limekupita, yatakuja mengine, ila sasa hivi jaza wasifu wako wote mle kwenye Ajira Portal uwe tayari, namba ya NIDA ina tarakimu 20 iandike kwa kuiangalia siyo kwa kukumbuka, cheti cha kuzaliwa kiskani vizuri. Na barua ya maombi lazima iwe na saini yako, wangapi wanaachwa kwa saini!

Majina yakitofautiana shughulikia mapema. Kama kosa liko NIDA nenda ofisi yao ya wilaya na cheti cha kuzaliwa warekebishe, kama ulibadili jina wewe mwenyewe unahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina. Na kwenye CV andika majina matatu kama yalivyo kwenye vyeti, lile la Instagramu liache huko huko.

Wadhamini: mjomba hapana. Hata awe mkurugenzi. Wanaompigia wanataka kusikia ulivyofanya kazi au ulivyosoma, mjomba atasema "ni kijana wetu mzuri sana". Lekchara aliyekusimamia mradi, supavaiza wa fildi, na wa tatu yeyote uliyemfanyia kazi hata ya kujitolea, mwalimu mkuu uliyefundisha kwake tempo, kiongozi wa kanisa au msikiti kama ulimshikia hesabu za mfuko. Waombe kwanza! Meseji tu, "Mwalimu shikamoo, naomba nikuweke mdhamini kwenye maombi ya kazi ya hivi na hivi", halafu umtumie CV yako akumbuke wewe ni nani kati ya wanafunzi wake 400. Andika cheo, ofisi, simu na imeili yake. Namba ya mwaka juzi isiyopatikana ni sawa na hujaandika.

Anko za saa hizi. Nina diploma ya famasia, niko Tanga, nilimaliza mwaka juzi ila nikapata mtoto sasa ana miezi saba, ndo nataka kuanza kutafuta. Kwenye CV niandike nina mtoto? Hali ya ndoa je, maana sijaolewa naona aibu. Na dini? Na picha niweke? Rafiki yangu anasema kuna pengo la mwaka watauliza.
*Mama Kichanga, Tanga*

Hongera kwa mtoto kwanza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotakiwa kukaa kwenye CV, mtoto, ndoa, dini, kabila, vyote toa. Tulirithi fomu za zamani zilizokuwa zinauliza kila kitu na steshenari wakazigeuza templeti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa mambo hayo hayo, kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, na inamhesabu hata mwombaji kazi siyo aliyeajiriwa tu. Sasa kwa nini umpe mtu taarifa asiyotakiwa kuitumia? Aibu usione, ila karatasi hiyo haihusiki.

Picha, wakiomba weka, wasipoomba acha. Kama ni ya kuweka iwe pasipoti ya studio, siyo ile ya harusini uliyomkata shoga yako ila mkono wake umebaki begani.

Pengo la mwaka mmoja kwa aliyemaliza juzijuzi ni la kawaida mno. Huna haja ya kulielezea kwenye CV, wakiuliza kwenye usaili sema kwa kifupi ulikuwa na majukumu ya familia na sasa uko tayari kwa ratiba ya kazi, zamu zikiwemo, kisha nyamaza. Ukianza kujieleza sana ndo unawapa maswali. Ambacho wewe unatakiwa kukiweka pale juu karibu kabisa na jina ni usajili wako wa Baraza la Famasia, kama umeshaupata, pamoja na namba yake. Mwenye duka la dawa anatafuta hilo kabla hajasoma kingine. Kama bado, hilo ndo la kukimbizana nalo siyo picha. Na wauguzi na wahandisi mnaosoma hapa, kwenu ni vilevile kwa mabaraza na bodi zenu.

Niaje anko, mimi ni msomaji wako wa Eldoret. Nimeclear diploma ya umeme, atachi nilifanya miezi mitatu. Saa hii kila mahali nataka kuaplai naambiwa nilete cheti cha mwenendo mwema, KRA, HELB, CRB, EACC. Mwenendo mwema peke yake ni 1,050 kwa eCitizen na mimi doo sina. Lazima nizipachike zote kwa CV ama?
*Fundi Stima, Eldoret*

Poa sana, karibu. Hapana, CV yako ibaki CV. Huko kwenu Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kukudai hivyo vyeti vya kuthibitisha, vya polisi, vya kodi (KRA), vya mkopo wa chuo (HELB), vya rekodi ya mikopo (CRB) na vya kupambana na rushwa (EACC), mpaka awe tayari kukupa mkataba wa maandishi. Wengi bado wanaviandika kwenye tangazo kwa mazoea tu. Kwa hiyo tuma CV na barua, mwisho wa barua sema vyeti vya uthibitisho utavileta ukihitajika, na hela yako itunze mpaka mtu amekuita. KRA PIN haikugharimu kitu, hiyo kuwa nayo. Kazi za serikali soma tangazo lao sawasawa, huko mambo ya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, wanayashikilia.

Ila mimi nina hamu na hiyo atachi, yaani fildi yenu, ya miezi mitatu. Logibuku yako bado unayo? Fungua. Mle ndani kuna kila siku ulichofanya na saini ya supavaiza, hiyo ni CV iliyoandikwa tayari. Ulivuta waya nyumba ngapi, za vyumba vingapi, ulishika mota za awamu tatu au uliziangalia kwa mbali, ulitumia mita ya kupima insulesheni? Andika hivyo vifaa kwa majina yake, fundi mkuu anayechuja anaelewa, na kama umeanza kushughulikia leseni ya ufundi umeme ya EPRA, mamlaka yenu ya nishati, taja umefikia hatua gani.

Anko mimi kifupi tu: nikituma kwa imeili nani anafungua, maana nimetuma nyingi sijibiwi hata moja. Natumia simu.
*Mpiga Imeili, Mbeya*

Nilimwomba anitumie mimi kama angetuma kwa mwajiri. Ikaja imeili haina kichwa, haina neno hata moja ndani, ina viambatanisho saba, picha za vyeti zimepigwa juu ya kitanda shuka la maua linaonekana, na CV inaitwa DOC-20240611-WA0009. Hilo jina WhatsApp ndo imempa, ameihifadhi kutoka kwenye grupu akaisukuma hivyo hivyo. Na anwani yenyewe ina "prettyboy" ndani.

Fungua imeili mpya yenye majina yako mawili, ni bure. Kichwa cha imeili kiwe jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo na jina lako, kama kuna namba ya kumbukumbu weka. Ndani andika mistari minne: unaomba nini, umeona wapi, wewe ni nani kwa sentensi moja, umeambatanisha nini. CV iwe PDF, faili ibadilishe jina iwe jina lako kisha CV. Vyeti viskani, viunganishe viwe PDF moja, siyo picha saba. Usitume Word, ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mistari inaruka yote. Na usiwaweke waajiri 15 kwenye imeili moja wanaonana wote, hiyo inaenda kapuni kabla ya kufunguliwa, mimi mwenyewe nazitupa.

Hizo templeti za Canva zenye safu mbili, vinyota na vile vijiti, "Kiswahili asilimia 90", ziache. Hiyo 10 iliyobaki ni nini, methali? Kampuni kubwa zinapitisha maombi kwenye programu inayosoma maandishi kwanza, na hizo safu mbili zinaivuruga, inaunganisha namba ya simu na jina la shule. Safu moja, herufi nyeusi, karatasi nyeupe.

Anko nimemwambia ChatGPT aniandikie CV ni kosa?
*Kidato cha Sita hadi Chuo, Iringa*

Siyo kosa, hasa kunyoosha Kiingereza. Ila usiiambie "niandikie CV ya mwanafunzi", itakuandikia mtu mwingine kabisa, na vyeti usivyonavyo itakupa. Wewe kwanza andika mambo yako yote kwa Kiswahili chako, kama alivyofanya yule wa mpunga, halafu iambie iyatafsiri na kuyapanga bila kuongeza kitu. Ukimaliza soma kila mstari kwa sauti ujiulize ukiulizwa hapa una la kusema dakika mbili? Huna, toa.

Anko kuna namba imenitext nimechaguliwa kwenye kampuni ya Dar, natakiwa kutuma 35,000 ya "kuprosesi CV na fomu ya afya" kabla ya saa kumi leo. Sikumbuki kama niliomba ila naomba sehemu nyingi. Nitume?
*Mwenye Bahati, Songea*

Usitume. Hakuna usaili, hakuna barua, na wanataka kabla ya saa kumi, hao ni wezi. Piga skrini shoti, toa taarifa polisi, na ile meseji isukume bure kwenda 15040 mtandao wako uishughulikie. Na kwenye CV utakazotuma kuanzia sasa toa namba ya NIDA na picha ya kitambulisho, maana umeniambia umezisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya "ajira mpya leo", na huenda ndo huko walikopata namba yako ya simu.